"Wewe" Ni Nani? Love of My Life Kutoka Studio Hadi Uwanjani

Kuna mazoea yaliyokwisha kuota mizizi katika uhakiki wetu wa nyimbo. Mhakiki anachukua wimbo, ananakili maneno yake kwenye karatasi, anayapanga katika beti, halafu anayachambua vilevile anavyochambua shairi la Shaaban Robert: maudhui upande huu, fani upande ule. Akimaliza anatuambia kwamba dhamira kuu ni mapenzi, dhamira ndogondogo ni usaliti na upweke, na ujumbe ni kwamba mapenzi yana maumivu. Haya, sauti imekwenda wapi? Ala je? Na wale waliokuwa wamesimama mbele ya jukwaa? Hawamo, kwa sababu hawakuingia kwenye karatasi.

Katika makala haya ninakusudia kuyapinga mazoea hayo kwa kutumia mfano mmoja tu. Sikuuchukua mfano huo katika ngoma za unyago wala katika taarab, ambako hoja yangu ingekubaliwa upesi mno na kila mtu angekwenda zake kulala. Nimeuchukua katika muziki wa roki, muziki ambao tumezoea kuuona kuwa ni wa studio na santuri, yaani maandishi ya aina yake: kilichorekodiwa kimerekodiwa, hakibadiliki tena. Wimbo wenyewe ni Love of My Life wa bendi ya Uingereza iitwayo Queen. Ulitolewa mwaka 1975, ukaanza kuimbwa jukwaani mwaka 1977, na maneno yake yamebaki yaleyale. Hata hivyo ninadai kwamba wimbo wa 1975, wimbo wa 1985 na wimbo wa 2005 ni nyimbo tatu, na kinachozitofautisha ni neno dogo sana: "wewe".

Najua msomaji ameshaanza kutabasamu. Aa, Queen! Si ndiyo ya yule Freddie wetu wa Unguja? Ndiyo hiyo. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Akapelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, akarudi, na mwaka 1964, baada ya mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Nitalirudia suala la Unguja baadaye, maana lina mtego ndani yake. Kwa sasa tuanze na wimbo.

Maneno yake hayana makubwa. Mtu fulani amemvunja moyo mzungumzaji, amekwenda zake. Mzungumzaji anamsihi arudi, na katika ubeti wa mwisho anaahidi kwamba hata uzeeni atakuwapo kumkumbusha kwamba bado anampenda. Basi. Ukiyaweka kwenye karatasi unapata barua ya mtu aliyeachwa, ya aina ambayo wengi wetu tumewahi kuandika, au kuandikiwa, au kumwandikia rafiki aliyetuomba tumsaidie Kiswahili kitamu. Mhakiki wa karatasi akiupa wimbo huu alama ya C sitamlaumu. Kwa alichonacho mezani, amesema kweli.

Wapo pia wahakiki wa upande mwingine, wale ambao kwao wimbo ni ushahidi wa maisha ya mtunzi. Hao wanataka kujua "wewe" huyo alikuwa nani, na jibu linalotajwa mara nyingi ni Mary Austin, aliyekuwa mwenzi wa Freddie wakati huo. Wengine wanabisha. Mimi sina haja ya kuingia humo. Hata kama jina lingejulikana kwa kiapo mahakamani, lisingetueleza hata chembe kwa nini mtu wa São Paulo, asiyemjua Mary wala Kiingereza, aliulilia wimbo huu mwaka 1981.

Turudi 1975. Wimbo umo katika albamu iitwayo A Night at the Opera, na ukiusikiliza kwa makini unagundua jambo la ajabu: karibu kila sauti ya binadamu unayoisikia ni ya mtu mmoja. Freddie anaimba, halafu anajiitikia, halafu anajiitikia tena juu ya kiitikio chake mwenyewe, sauti juu ya sauti, zote zake. Anapiga piano pia. Brian May, mpiga gitaa, ameongeza kinubi, ala ambayo hakuwa mzoefu nayo. Aliirekodi kordi moja moja kisha zikaunganishwa, kwa kuwa ilikuwa taabu kuiweka sawa nyuzi zake kwa muda mrefu. Katikati gitaa lake la umeme linaingia likiwa limepangwa kwa tabaka hata linasikika kama kundi dogo la fidla. Kazi nzuri ajabu, iliyosuguliwa hadi ikang'aa, haina tundu hata moja.

Na hapo ndipo penye maana. Mtu aliyeachwa peke yake anajizungushia sauti zake mwenyewe ili asikie kuna mtu chumbani. Anaita, na anayemwitikia ni yeye. Msikilizaji hana pa kuingilia, maana nafasi zote za kiitikio zimekwisha kujazwa. Tunasikiliza kama jirani anayesikia kilio ukutani. "Wewe" wa 1975 ni mtu mmoja, hayupo, na wimbo umejengwa kwa namna ambayo hata angekuwapo asingepata pa kukaa.

Kazi ya namna hiyo haipandi jukwaani. Mtu mmoja hawezi kuimba sauti sita kwa mkupuo. Mwaka 1975 na 1976 bendi ilizunguka na albamu hiyo bila ya kuufanya wimbo huu kuwa sehemu ya maonyesho. Ulipoingia, katika ziara ya News of the World iliyoanza Novemba 1977, ulikuwa umevuliwa nguo zote. Piano imeondoka, kinubi kimeondoka, gitaa la umeme limeondoka. Mpiga ngoma na mpiga besi wanapumzika. Amebaki Brian May na gitaa kavu la nyuzi 12, na Freddie na maikrofoni yake. Wimbo wenyewe ukashushwa chini kwa nusu-toni tatu, ili mwimbaji ambaye ana saa nzima nyingine ya kupiga kelele asiichane koo.

Sababu hizi ni za kiufundi tupu, na napenda zibaki hivyo. Sisi wanafunzi wa fasihi tuna tabia ya kuona falsafa kila mahali, hata pale ambapo mtu aliokoa koo lake tu. Lakini kumbe jambo la kiufundi linaweza kufungua mlango ambao hakuna aliyekusudia kuufungua. Sauti zile zote zilipoondolewa, mashimo yakabaki. Na wimbo uliposhuka chini ukafika mahali ambapo mtu wa kawaida, asiye na koo la Freddie, anaweza kuufikia. Hapo awali ulikuwa juu ya dari. Sasa umewekwa mezani.

Kuna tukio la mwaka huohuo linalosaidia kueleza kilichofuata. Mei 1977, katika ukumbi wa Bingley Hall mjini Stafford, onyesho lilipokwisha watazamaji hawakuondoka. Wakaanza kuiimbia bendi. Brian May amekisimulia kisa hicho mara nyingi kuwa ndicho kilichozaa We Will Rock You, wimbo wa makofi na miguu uliotungwa makusudi ili hadhira ishiriki. Kwa hiyo Love of My Life ilipanda jukwaani wakati ambapo bendi ilikuwa imeanza kuwatazama watazamaji kama sehemu ya bendi. Tofauti ni kwamba We Will Rock You ulitungwa kwa ajili yao. Huu walijitwalia.

Ushahidi wa kwanza mzuri tunao katika Live Killers, albamu ya mwaka 1979 iliyorekodiwa katika ziara ya Ulaya. Freddie anaanza, na kabla hajafika mbali unasikia ukumbi mzima uko naye. Mara ananyamaza. Anawaachia. Gitaa linaendelea, na maelfu ya watu wanaubeba ubeti bila ya yeye. Rekodi hiyo ilitolewa hata peke yake kama wimbo mmoja mwaka huohuo, jambo la kushangaza kidogo ukifikiri: bendi inauza wimbo ambamo mwimbaji wake maarufu ananyamaza, na wanunuzi wananunua sauti zao wenyewe.

Ukimya huo ndio ninaotaka tuutazame, kwa maana karatasi haiuoni kabisa. Mulokozi (1996) anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio, na anataja mambo sita yanayoingiliana ndani yake: fanani, fani, hadhira, tukio lenyewe, mahali na wakati. Tumeyakariri hayo kwa ajili ya mtihani, tukaandika, tukapata maksi, halafu tukarudi kuhakiki nyimbo kwa jambo moja tu kati ya sita. Hapa fanani ananyamaza na hadhira inakuwa fanani. Nafsi ya kwanza, "mimi" niliyeachwa, sasa ni watu elfu kumi. Je, "wewe" ni nani? Wanamwimbia nani? Wanamtazama Freddie. Maneno ya kusihi, ya usiniache, yanamwendea yeye. Naye anaporudi katika ubeti unaofuata anayarudisha kwao. Barua imekuwa majibizano. Yule ambaye mwaka 1975 hakuwa na wa kumwitikia sasa anaitikiwa hata anazidiwa.

Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alieleza kwamba kwa waimbaji wa tenzi aliowachunguza Yugoslavia hakuna matini moja ya asili. Kila utendaji ni wimbo kamili. Hoja yake inanisaidia, lakini si yote. Wimbo wetu unayo matini moja ya asili, tena imechapwa kwenye santuri na kuuzwa. Na hapo pana jambo ambalo nadhani hatujalifikiri vya kutosha: ni kwa sababu matini hiyo imegandishwa, na kila mtu amekwisha kuisikia mara mia nyumbani kwake, ndiyo maana fanani anaweza kunyamaza. Kama maneno yangekuwa yanabadilika kila usiku nani angeweza kuyabeba? Studio haikuua usimulizi hapa. Iliwafundisha wanakwaya.

Sasa twende Amerika ya Kusini, maana huko ndiko wimbo ulikokua hasa. Februari na Machi 1981 Queen walipiga katika viwanja vya mpira vya Argentina, kisha katika uwanja wa Morumbi, São Paulo, usiku mbili mfululizo. Kwa usiku wa kwanza hesabu inayotajwa kwa kawaida ni watu 131,000. Januari 1985 wakarudi Brazil kwa tamasha la kwanza la Rock in Rio, mbele ya umati uliokadiriwa kuzidi laki mbili. Kote huko Love of My Life ndiyo iliyosubiriwa. Katika picha za Rio unamwona Freddie akifanya kazi ndogo kabisa: ananyoosha mkono kama mwalimu wa kwaya, anatega sikio, anacheka kidogo, anaimba maneno mawili ili kuwarudisha njiani, ananyamaza tena. Mtu anayejulikana kwa kurukaruka jukwaani anasimama tu na kusikiliza.

Wengi wa watu wale hawakuwa wasemaji wa Kiingereza. Nilipolisema hili katika semina, mwenzangu mmoja akadakia: basi walikuwa wanaimba wasichokielewa, kasuku tu! Nikamwuliza yeye mwenyewe ameimba Mario ya Franco mara ngapi, mwanzo hadi mwisho, na Kilingala chake ni cha wapi. Darasa likacheka, lakini hoja ni ya kweli. Mtu anaweza kuumiliki wimbo kwa sauti kabla ya kuumiliki kwa maana. Anajua ni wa huzuni, anajua ni wa aliyeachwa, na yaliyobaki anayajaza kwa ya kwake.

Na watu hao walikuwa na ya kujaza. Argentina ya 1981 ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi ulioanza 1976, utawala uliowachukua watu majumbani usiku na ndugu zao wasiwaone tena. Sidai kwamba uwanja mzima ulikuwa ukiwaimbia waliopotezwa. Dai kama hilo lingehitaji ushahidi, na katika rekodi hakuna mtu anayesema hivyo. Ninasema tu kwamba katika nchi hiyo, mwaka huo, umati ukiimba kumwita mtu aliyechukuliwa arudi, mahali na wakati vya Mulokozi haviwezi kuachwa nje ya uhakiki. Rio nayo iliangukia katika majuma ya kipekee. Queen walipiga siku ya ufunguzi, tarehe 11 Januari 1985, na tena tarehe 18. Katikati ya maonyesho hayo mawili, tarehe 15, Tancredo Neves alichaguliwa kuwa rais, raia wa kwanza kuchaguliwa baada ya miaka zaidi ya 20 ya utawala wa kijeshi.

Hapa pana jambo lingine, na nisipolisema nitakuwa ninawapaka mafuta. Bendi hiyohiyo ilikuwa imetoka kupiga Sun City mwezi Oktoba 1984, katika Bophuthatswana ya Makaburu, wakati wasanii wa dunia walikuwa wameombwa wasiende. Walilaumiwa, na walistahili kulaumiwa. Sisi wa pande hizi, ambao nchi zetu zilibeba mzigo wa ukombozi wa Kusini, hatuwezi kulipita hilo kimyakimya. Linatukumbusha kwamba "hadhira" si neno takatifu. Hadhira ni watu walioingia getini, na mara nyingine geti lina sheria zake. Mhakiki anayeandika "umati uliimba kwa umoja" inampasa aulize umati gani, na nani aliyebaki nje.

Mwaka 1986, katika ziara yao ya mwisho wakiwa na Freddie, wimbo ulikuwa umekwisha kuwa ibada ndogo katikati ya onyesho. Waliuimba Wembley mwezi Julai mbele ya viberiti vilivyowashwa uwanja mzima. Lakini mimi navutiwa zaidi na Budapest, tarehe 27 ya mwezi huo, ambako katika sehemu hiyohiyo ya gitaa tupu Freddie aliimba wimbo wa jadi wa Kihungari, maneno yake ameyaandika kiganjani. Kwa dakika chache mambo yakageuka: yeye ndiye aliyeimba lugha asiyoijua, na umati ndio uliokuwa na maana. Deni la Buenos Aires na São Paulo likalipwa kidogo. Tarehe 9 Agosti 1986 wakapiga Knebworth, na Freddie hakupanda tena jukwaani na bendi hiyo kwa ziara yoyote. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI.

Kuanzia hapo wimbo unaingia katika umri wake wa tatu. Aprili 1992, katika tamasha la kumkumbuka lililofanyika Wembley, bendi ya Kimarekani ya Extreme iliupitia kwa gitaa kabla ya kuingia katika wimbo wao wenyewe. Halikuwa jambo kubwa, lakini kila aliyesikia alijua kilichotokea: "wewe" alikuwa amebadilika tena, na safari hii hakuna aliyelazimika kueleza. Anayesihiwa arudi ni yule aliyezoea kusihi.

Brian May ndiye aliyeurithi. Tangu 2005, Queen walipozunguka na Paul Rodgers, amekuwa akikaa peke yake na gitaa lake la nyuzi 12 na kuuimba yeye, si mwimbaji mgeni. Sauti yake si ya Freddie. Ni sauti nyembamba, ya mtu mkimya, inayotetereka kidogo. Sikiliza rekodi ya Sheffield ya 2005 katika albamu ya Return of the Champions. Anaanza, halafu anawaachia watu, kama alivyofanya Freddie. Ila Freddie alinyamaza kwa sababu alikuwa na vingi, na huyu ananyamaza kwa sababu hana vya kutosha. Anawahitaji. Kwa maoni yangu huo ndio utendaji bora kuliko yote, hata kuliko wa Rio. Najua wengi watanipinga. Katika Rio hadhira ilikuwa inaonyesha uwezo wake. Katika Sheffield inashika mzigo na mtu mwingine, kama majirani kwenye tanga. Mwaka 2008 aliurudia Kharkiv, Ukraine, katika onyesho la hadhara la kampeni ya kupambana na UKIMWI, na ubeti ule wa mwisho unaoahidi uzee ukawa mgumu kuusikiliza. Mtunzi hakuufikia uzee. Aliyebaki kuutekeleza ni mpiga gitaa, mwenye mvi.

Halafu ikaja skrini. Katika ziara za Queen na Adam Lambert, May anauimba karibu wote na hadhira, halafu katika ubeti wa mwisho picha ya Freddie inatokea juu yake, ikiimba, imechukuliwa katika onyesho la zamani. May anaitazama. Watu wanainua simu zao zenye mwanga pale ambapo baba zao waliinua viberiti. Wengi wanalia, na machozi hayo siyadharau.

Lakini kama mhakiki ninasema skrini imeukosea wimbo. Picha haisikii. Umati ukichelewa, haiwezi kuwangoja. Ukiimba vizuri, haiwezi kunyamaza ili kuusikiliza. Yule ambaye sanaa yake kubwa katika wimbo huu ilikuwa kutega sikio amerudishwa bila ya masikio. Isitoshe, wimbo mzima ni ombi la mtu arudi, na nguvu yake tangu 1975 ilitokana na kwamba harudi. Ukimwonyesha amerudi, hata kwa picha, umelijibu swali ambalo lilipaswa kubaki wazi. Sheffield hakukuwa na picha yoyote, na kila mtu ukumbini alimwona.

Sasa lile suala la Unguja. Wapo wanaopenda kusema kwamba Freddie aliyajua haya yote kwa damu: kwamba mtoto wa Mji Mkongwe lazima aliubeba utamaduni wa taarab, wa msikilizaji kuinuka na kumtunza mwimbaji. Mwaka 2019 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho yake pale Shangani, na ni jambo jema. Mji una haki ya kumkumbuka mtoto wake. Ila hoja ya damu siikubali. Hakuna ushahidi wowote kwamba taarab ilimfundisha kunyamaza mbele ya umati. Utotoni alikuwa bweni India, na ujana wake wa muziki ni wa London. Tukitaka kumfanya mtoto wa taarab tutakuwa tunarudi kulekule kwenye uhakiki wa wasifu nilioukataa mwanzoni, safari hii tumeuvalisha kanga.

Taarab inatusaidia kwa njia nyingine, kama darubini. Mama anapoinuka katikati ya wimbo, akacheza hadi mbele, akamtunza mwimbaji katika mstari fulani huku jicho lake likimtazama mtu wa meza ya tatu, kila aliyepo anaelewa kwamba "wewe" wa wimbo amekwisha kuhama. Mtunzi alimkusudia fulani. Mwimbaji anamwimbia mwingine. Aliyetunza amemlenga jirani yake. Hakuna mtu wa Zanzibar, Tanga au Mombasa anayehitaji nadharia ya kumweleza hilo. Maarifa hayo tunayo tayari, tumezaliwa nayo ukumbini, lakini tukiingia darasani tunayaacha nje pamoja na viatu. Nilichofanya katika makala haya ni kuyaingiza darasani na kuyaelekeza kwa wimbo wa Waingereza, nikaona yanafanya kazi.

Mhadhiri mmoja, niliyempa rasimu aisome, aliniuliza swali la haki: kama kila utendaji ni matini, uhakiki utaishia wapi? Tutahakiki usiku wa Morumbi, halafu usiku wa pili wa Morumbi, halafu wa tatu? Jibu langu ni kwamba hatuhitaji kuhakiki usiku wote. Tunahitaji kusema ni usiku gani tunaouhakiki. Anayeandika kwamba Love of My Life ni wimbo wa upweke yuko sahihi, akiongeza tarehe. Kwa mwaka 1975 ni upweke. Kwa Rio ni karibu kinyume chake.

Na Rio haikuishia 1985. Tarehe 18 Septemba 2015 Queen walirudi kwenye tamasha hilohilo, miaka 30 baadaye, May akakaa na gitaa lake, na umati ukaimba wimbo wote, pamoja na vituo vyake, pamoja na zile sehemu ambazo Freddie alinyamaza. Vijana wengi waliokuwa pale walikuwa hawajazaliwa 1985. Wimbo waliujua kutoka kwenye kanda za video na rekodi. Sasa sikiliza wanachokiiga. Hawamwigi Freddie. Wanaiga umati wa 1985: wanaingia pale ulipoingia, wanavuta sauti pale ulipovuta. Miaka mitatu baadaye filamu ya Bohemian Rhapsody ikafanya vivyo hivyo: iliichukua Rio ikaihamisha miaka kadhaa nyuma ili ifae kisa chake, lakini sauti za watu ikaziacha katikati ya hadithi, Freddie akimwonyesha Mary kwenye televisheni jinsi walivyoimba. Sehemu ya wimbo huu iliyorithishwa kutoka kizazi hadi kizazi ni ile iliyotungwa na watu wasio na majina, na kwenye karatasi ya maneno yake haimo hata herufi moja ya kazi yao.